Risasi ya Pili

Bastola ya kwanza niliyonunua maishani mwangu niliifyatua mara moja tu, nikaiweka juu ya meza, machozi yakanitoka. Ilikuwa mwezi Mei. Theluji ilikuwa bado imebaki pembezoni mwa uwanja wa shabaha wa Rabbit Creek, kusini ya jiji la Anchorage katika jimbo la Alaska, na mimi mtoto wa Tanga, niliyekulia kwenye joto na chumvi ya bahari, nimejifunga koti zito na vizibo vya masikio vikubwa kama vikombe vya uji. Mkono wa kulia ulikuwa unawaka. Ngozi ya panda, pale kidole gumba kinapoachana na cha shahada, ilikuwa imechubuka na kutoa damu. Karatasi ya shabaha ilikuwa mita 7 mbele yangu, na haikuwa na tundu hata moja.

Silaha ile niliuziwa na kijana wa dukani aliyeniuliza swali moja tu: nataka ya kujikinga na binadamu au na dubu? Nikasema dubu. Akanitolea rivolva ya .44 Magnum yenye silinda ya titani, nyepesi haifiki gramu 750, akaniambia kwamba mwanamke hawezi kubeba kitu kizito siku nzima. Nikamwamini. Nilikuwa sijui kuwa katika bastola yenye nguvu wepesi ndio adui.

Kazi yangu ni kuhesabu samaki. Kila kiangazi samoni hutoka Bahari ya Pasifiki na kupanda mito hadi kwenye vijito walikozaliwa, wakatage na kufa hukohuko. Kampuni ninayofanyia kazi hupewa kandarasi ya kuwahesabu, kwa hiyo kuanzia Juni hadi Septemba tunatembea ndani ya maji, watu wawili wawili, kwenye vichaka ambavyo huoni mita 5 mbele. Na samaki wanapojaa, dubu wa kahawia hujaa pia. Dume la pwani hizi linaweza kupita kilo 400, na likiamua kukimbia linapita kilomita 50 kwa saa. Piga hesabu: ni kama mita 14 kila sekunde. Akitokea umbali wa nyumba mbili, una sekunde mbili.

Mama alipopata habari alinipigia simu kutoka Tanga usiku wa manane wa kwao. "Mwanangu, hiyo kazi gani ya kutembea na bastola kama jambazi? Rudi nyumbani, hata genge la mboga utafungua." Nikamwambia, "Mama, huku hata mfanyakazi wa posta anayo." Akasonya. Kisha simu akachukua baba.

Baba alikuwa askari wanyamapori wa Selous. Amekaa porini miaka 26 na bunduki ya .458 begani, kusindikiza watu na kufukuza tembo mashambani. Hakuniuliza nimenunua nini wala bei gani. Aliniuliza, "Ya pili inakwenda wapi?" Nikamjibu sijui, nimefyatua moja tu na ya pili sikuitaka. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi huna silaha, una kelele."

Maneno hayo yaliniuma. Lakini leo, miaka sita baadaye, mtu yeyote akinijia kuuliza bastola ipi anunue, nami naanzia hapohapo alipoanzia mzee.

Kabla sijaenda mbali, niseme kuhusu pilipili, kwa sababu ningekuwa naficha ukweli nikianza na chuma. Kitu cha kwanza kwenye mkanda wangu ni kopo la dawa ya pilipili ya kupulizia, iliyotengenezwa maalumu kwa dubu. Watafiti Tom Smith na Stephen Herrero na wenzao walichapisha mwaka 2008 uchambuzi wa matukio 83 ya Alaska kati ya 1985 na 2006, wakaona kuwa kwa dubu wa kahawia dawa ile ilifanya kazi katika zaidi ya asilimia 90 ya matukio. Mwaka 2012 wakachambua matukio 269 ya watu waliokuwa na silaha za moto. Bastola zilifaulu asilimia 84, bunduki ndefu asilimia 76. Tazama hesabu hiyo vizuri. Bunduki ndefu ina nguvu mara kadhaa ya bastola, na bado haikuwashinda wenye bastola. Wengi wa walioshindwa hawakuwahi kuinua, au waliinua na kukosa, au walifyatua moja wakakwama.

Pilipili ina mipaka yake. Upepo mkali ukivuma kutoka mbele inakurudia mwenyewe machoni, na haifiki mbali. Kwa hiyo sisi tunabeba vyote viwili, na yule asiyeweza kupita mtihani wa shabaha hubeba kopo peke yake. Ni utaratibu wa haki kabisa.

Sasa turudi kwenye teke. Kila bunduki hupiga teke, kwa sababu risasi ikisukumwa mbele, chuma kilichoishika kinasukumwa nyuma kwa kiasi kilekile. Kikiwa kizito kinarudi taratibu. Kikiwa chepesi kinarudi kwa kasi na kukupiga. Kichwa cha risasi ya .44 Magnum kina gramu zaidi ya 15 na hutoka kwa kasi inayokaribia mita 400 kwa sekunde. Tia nguvu hiyo kwenye rivolva ya gramu 750, halafu mpe mtu ambaye hajawahi kushika silaha. Kilichonipata Rabbit Creek kilikuwa kimeshaandikwa tangu dukani.

Niliirudisha. Sikurudishiwa fedha yote, na somo nililipia.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja mstaafu wa jeshi, aliyekuwa akifundisha watu pale uwanjani siku za Jumamosi. Mikono yake mikubwa, sauti ya chini. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akatandika mezani bastola tatu, zote za aina inayojipakia yenyewe, zote za milimita 10. Akaniambia nisifyatue. Nizishike tu.

Niieleze kwanza bastola inayojipakia inavyofanya kazi, maana watu wengi nyumbani huichanganya na ile inayomimina risasi kama mvua. Hii hutoa risasi moja kwa kila mvuto wa triga. Ukitaka nyingine, uachie triga na uvute tena. Tofauti yake na rivolva ni namna risasi inayofuata inavyofika mahali pake. Ndani ya mpini mna magazini, kijisanduku chembamba cha chuma chenye springi chini, na risasi zimepangwa humo zikisukumwa juu. Sehemu ya juu ya bastola, slaidi, imeshikana na mtutu. Baruti ikiwaka, kichwa cha risasi kinakwenda mbele, na ganda linasukuma slaidi nyuma. Kwa milimita chache slaidi na mtutu hurudi pamoja vikiwa vimefungamana, hadi kichwa kiwe kimeshatoka na mgandamizo umeshuka. Hapo nyuma ya mtutu hushuka kidogo, slaidi inaachana nao, inaendelea nyuma peke yake, inang'oa ganda tupu na kulirusha pembeni. Springi iliyokunjwa inairudisha mbele, na njiani inachukua risasi mpya kutoka kwenye magazini na kuiingiza chemba. Yote hayo yamekwisha kabla hujapepesa jicho. Mwenye akili hiyo ni Mmarekani John Moses Browning, na jeshi la nchi yake lilianza kutumia bastola ya namna hiyo mwaka 1911. Bastola nyingi za leo ni wajukuu wa ile.

Kwa mtu mwenye mkono kama wangu, siri iko kwenye ile safari ya slaidi. Sehemu ya teke inatumika kuendesha mashine, na iliyobaki inafika mkononi imetandazwa, kama mtu aliyekusukuma badala ya kukupiga kibao. Bado ni teke, lakini ni teke unaloweza kuzoeana nalo.

Risasi yenyewe, ya milimita 10, ina hadithi ninayoipenda. Mtu aliyeipigia debe zaidi ni Jeff Cooper, afisa wa zamani wa wanamaji wa Marekani aliyefungua shule ya shabaha huko Arizona mwaka 1976. Alitaka bastola inayofika mbali kuliko za zamani, na alifikiria kichwa cha gramu 13 kinachokwenda mita 305 hivi kwa sekunde. Kampuni ya Norma ya Sweden ilipoitengeneza, mwaka 1983, ikaipandisha hadi mita 366. Bastola ya kwanza kuitumia, Bren Ten, ilitengenezwa na kampuni changa ya California iliyokuwa ikiwapelekea wateja silaha bila magazini za kutosha. Hebu fikiria: umelipa, umeletewa bastola, na huna pa kutia risasi. Kufikia 1986 kampuni ilikuwa imefilisika. Risasi ile ingekufa nayo kama Colt wasingetoa bastola yao ya Delta Elite mwaka 1987.

Lakini kabla ya hapo ilikuja damu. Tarehe 11 Aprili 1986, huko Miami, maofisa wa upelelezi wa FBI walipambana na majambazi wawili wa benki. Maofisa wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa. Uchunguzi ulionyesha kuwa mmoja wa majambazi alipigwa mapema na risasi ya milimita 9 iliyosimama karibu na moyo bila kuufikia, naye akaendelea kuua. FBI wakatafuta kitu chenye nguvu zaidi, wakachagua milimita 10. Lakini maofisa wengi, wanaume kwa wanawake, walishindwa kulimudu teke lake, na mpini ulikuwa mnene kwa viganja vingi. Wakaipunguzia baruti. Mafundi nao wakaona kuwa nguvu ile iliyopunguzwa inaingia kwenye ganda fupi zaidi kwa milimita 3.6, na mwaka 1990 ikazaliwa .40 Smith & Wesson, ambayo polisi wa Marekani waliikimbilia kwa miaka mingi. Baadaye FBI wenyewe wakarudi kwenye milimita 9.

Nilipoisikia habari hiyo kwa mzee wa uwanjani nilijisikia nafuu. Kama watu waliolipwa kwa ajili ya kazi hiyo walishindwa, basi kuchubuka kwangu panda ya mkono si aibu.

Milimita 10 yenye nguvu kamili ikabaki kwa wawindaji na watu wa porini. Glock walitoa bastola yao ya risasi hiyo, Glock 20, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na hadi leo kikosi cha Sirius cha jeshi la Denmark, kinachozunguka Greenland kwa mbwa na sleji, kinaibeba kwa ajili ya dubu weupe. Ndiyo niliyonayo mimi pia. Lakini sikuichagua kwa sababu ya Denmark.

Niliichagua kwa kidole. Mzee alinionyesha hivi: shika bastola tupu, panda ya mkono ipande juu kabisa nyuma ya mpini, mtutu ulingane sawasawa na mfupa wa mkono hadi kiwikoni. Bila kuhamisha kiganja, weka kidole cha shahada kwenye triga. Kama inayogusa ni ile nyama ya mbele ya kidole, katikati, bastola inakufaa. Kama ni ncha tu ya ukucha, mpini ni mnene. Utaanza kuzungusha mkono ili ufike, na teke litatua kwenye kidole gumba badala ya kwenye mkono mzima. Bastola ya kwanza nilifika kwa ncha. Ya pili, ya mtindo wa kale wa 1911, ilinikaa kama imechongwa kwa ajili yangu, lakini ilibeba risasi 8 na ilikuwa nzito sana kwa kutwa nzima majini. Ya tatu ilikuwa Glock 20 yenye vipande vya nyuma vya mpini vinavyobadilishwa. Tukatoa kikubwa tukabaki na kidogo kabisa. Kidole kikafika. Inabeba risasi 15, na tupu bila magazini ina kama gramu 780.

Hapo msomaji atasema: gramu 780 na gramu 750, tofauti iko wapi? Swali zuri, nami niliuliza. Kwanza kichwa cha risasi yangu ni chepesi kuliko cha .44, na kinatoka polepole kidogo. Pili slaidi na springi zinameza sehemu yao. Na tatu, magazini ikijaa, uzito unapanda hadi kuzidi kilo moja, na uzito huo wote unakaa kwenye kiganja changu ukinisaidia.

Nguvu je? Milimita 9 ya kawaida, kichwa cha gramu 8, hutoa kama jouli 490. Milimita 10 kamili, gramu 13 kwa mita 366, hupita jouli 860. Ile .44 Magnum hupita 1,200. Nikamsomea baba namba hizo kwenye simu, akauliza .458 yake ilikuwa ngapi. Nikamwambia zaidi ya 6,000. Akacheka sana, kicheko cha mtu aliyestaafu salama. "Sasa wewe na hiyo 860 unakwenda kwa mnyama wa kilo 400?" Nikamwambia, "Ndiyo, baba, ndiyo maana naomba nisiitumie."

Kwa mnyama mwenye mifupa mizito, umbo la kichwa cha risasi lina uzito kuliko jouli. Kiswahili chetu kina neno moja, risasi, kwa yale madini mazito ya kijivu, kwa kile kinachoruka, na kwa kitu kizima chenye ganda na baruti. Kwa hiyo niseme wazi. Vichwa vingi vinavyouzwa kwa kujikinga na watu vina tundu mbele. Vikigonga nyama vinachanua kama ua na kusimama mapema, ili visipite na kumdhuru aliye nyuma. Kwa dubu hiyo ni hasara. Unataka kichwa kigumu, bapa mbele, kisichochanua, kipenye manyoya, mafuta na mfupa. Wengi hutumia risasi ngumu iliyochanganywa na madini mengine, bila koti la shaba. Kampuni ya Glock inawaonya wenye bastola zake wasitumie vichwa vya risasi visivyo na koti, kwa sababu ya mikunjo ya ndani ya mitutu yake, ambako madini hayo huweza kujikusanya na kupandisha mgandamizo. Mimi nimenunua vichwa vya shaba tupu, vigumu, na nimelala usingizi.

Na hata hivyo sikuviamini siku ya kwanza. Kichwa bapa kinaweza kukwama kikiingia chemba. Nilifyatua 200 kwenye bastola yangu, kwa magazini zangu, kabla sijavibeba mtoni. Vina bei chungu. Ile wiki tulikula maharage. Kwa mazoezi ya kila mwezi natumia risasi nyepesi za bei nafuu, lakini kila mara namalizia na chache za kazi, mkono usisahau.

Niwape sasa kile mzee alichonifundisha kuhusu kufyatua.

Mkono wa kulia unashika juu. Wa kushoto unaziba nafasi yote iliyobaki wazi kwenye mpini, kiganja kimegandana na chuma, vidole vikizunguka vile vya kulia chini ya kikinga triga, na vidole gumba vyote viwili vinaelekea mbele. Wa kushoto ndio unaobana zaidi, ili wa kulia ubaki na utulivu wa kuvuta triga. Miguu upana wa mabega, kifua kimeinama mbele kidogo, kama mama anayesukuma toroli la maji kwenye mchanga. Viwiko havikazwi hadi mwisho. Macho yote mawili wazi. Jicho linatazama alama ya mbele, ile nukta nyeupe, hadi uione kingo zake. Shabaha inabaki na ukungu nyuma yake, na iachwe hivyohivyo.

Halafu triga. Inavutwa moja kwa moja nyuma, taratibu, kama unakamua chunusi usiyotaka ipasuke. Ya kwangu inataka kama kilo mbili na nusu. Risasi ikitoka, usiachie kidole kiruke; kishike nyuma, acha bastola ipande na ishuke, kisha kiachie mbele hadi usikie tiki ndogo. Tiki hiyo ndiyo mlango wa risasi ya pili.

Tatizo langu halikuwa mkono. Lilikuwa kichwani. Rivolva ile ilinifundisha woga, na mwili ukawa unashtuka kabla ya mlio: kope zinafumba, mdomo wa bastola unainama, risasi inapiga udongo. Sikujijua. Mzee akaanza kunipakilia magazini mwenyewe, akichanganya risasi halisi na bandia, bila kuniambia ipi iko wapi. Nilipoifikia bandia, triga ikalia "tak" tupu, na mbele ya macho yangu niliona bastola ikijitupa chini kama samaki aliyechomolewa majini. Hakukuwa na teke lolote. Ni mimi niliyekuwa nikiipiga. Niliona haya, nikacheka, tukarudia. Ilichukua Jumamosi tano hadi siku ile "tak" ilipolia na nukta nyeupe haikutikisika. Mzee alinipiga bega mara moja, akaenda kujimiminia kahawa.

Jambo jingine lililonipata: bastola inayojipakia inahitaji ukuta wa kuegemea. Vifundo vya mikono vikilegea, fremu inarudi pamoja na slaidi, slaidi haipati safari yake kamili, ganda tupu linabanwa mlangoni limesimama kama bomba la moshi la jiko la kuni. Wiki ya pili lilinikwama mara tatu ndani ya magazini moja, nikailaumu bastola. Mzee akaichukua, akafyatua zote 15 bila tatizo, akanirudishia kimya. Siku hizi likikwama najua la kufanya bila kufikiri: kofi chini ya magazini, vuta slaidi hadi mwisho na uiachie, tazama tena.

Kuhusu usalama sitanii na mtu. Silaha yoyote ninayoipokea, hata niliyoona ikipakuliwa sasa hivi, naihesabu imejaa. Mdomo wake hauelekei kitu nisichotaka kukiharibu. Kidole hakigusi triga hadi macho yako kwenye shabaha na najua kilicho nyuma yake. Kanuni hizo Cooper alizieneza, na hakuna fundi ninayemheshimu anayezipuuza. Glock haina kitufe cha usalama cha nje. Usalama wake uko ndani na kwenye triga yenyewe. Kwa hiyo ala yangu ni ngumu, inafunika triga kabisa, na inakaa kifuani, juu ya maji na juu ya mikanda ya begi. Naibeba ikiwa na risasi chemba. Baba hilo hakulipenda, kwa sababu wao Selous walikuwa na taratibu zao za kukoki. Tulibishana mwezi mzima kwenye simu. Nikamuuliza, "Baba, katika sekunde mbili, mkono wa kukoki utatoka wapi, na wa kushoto umeshika fimbo mtoni?" Hakujibu, lakini aliacha kunibishia. Nyumbani bastola inakaa kwenye sanduku la chuma lenye namba za siri, maana nina watoto wawili.

Huku sheria ni nyepesi kuliko kwetu. Tanzania silaha ni ya kibali, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina mchezo. Alaska, mwenye miaka 21 na kadi ya ukazi wa kudumu kama mimi anajaza fomu ya serikali dukani, jina lake linapitishwa kwenye mfumo wa FBI, na akiwa safi anaondoka na silaha. Tangu 2003 jimbo halidai kibali cha kuibeba ikiwa imefichwa. Wepesi huo unanitia hofu, nasema kweli. Kijana wa dukani angeweza kuniua kwa maneno yake matamu, na hakuna aliyeniuliza kama najua kufyatua. Ila ukimuua dubu kwa kujitetea, hapo serikali ina maswali: unatoa taarifa, na ngozi na fuvu unavikabidhi, si mali yako.

Mwaka jana mwezi Julai, saa nne usiku na jua bado liko juu ya miti, mwenzangu alikuwa nyuma yangu akiandika namba, mimi mbele nikiita. Tulikuwa tunaimba ili tusikike, kama kawaida. Nilipozunguka mti ulioanguka nilimwona, jike, amesimama ndani ya maji hadi magotini, samaki mdomoni, mbali nami kama urefu wa mabasi madogo mawili. Samaki akamdondoka. Akatoa pumzi nzito, "hufu, hufu," mate yakining'inia.

Sikumbuki kuchomoa. Nakumbuka nukta nyeupe ilikuwa kifuani mwake na haikutikisika, kidole kimenyooka juu ya triga, nje. Nakumbuka mwenzangu amesogea ubavuni kwangu na kopo la pilipili, pini imeshatoka. Nilisema naye kwa Kiswahili, sijui kwa nini, kwa sauti ya kubembeleza mtoto: haya mama, pita, pita zako, sisi hatuna shida. Tukarudi nyuma hatua kwa hatua, mawe yanateleza chini ya buti. Vichaka vya upande wake vikatikisika, watoto wawili wakatoka, wakapanda ukingo. Alitutazama kidogo tena, akageuka, akawafuata.

Kambini nilitoa magazini, nikavuta slaidi, ile ya chemba ikaangukia kiganjani. Nilizihesabu zote juu ya meza, kumi na tano na moja. Kisha nikafuta maji kwenye mtutu, nikaipaka mafuta, nikaketi kujaza fomu za siku. Tulikuwa tumefika samaki 412 tulipokatishwa, na kesho yake tulianzia kwenye mti uleule.